Uzi: Baba Yaga siyo baba wa mtu. Vitisho vya Waslavi, saa zao na masharti yao

#1 Mzee wa Samovari

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kwenye uzi mmoja humu kuna ndugu alimtaja Baba Yaga, akamwelezea kuwa ni mzee wa Kirusi mwenye ndevu, "baba wa wachawi wote". Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniuliza kama nauli nimelipa. Ndugu zangu, kwa Kirusi "baba" ni mwanamke, tena mwanamke mtu mzima wa kijijini. Baba Yaga ni bibi kizee. Hana ndevu.

Basi nimeona nifungue uzi. Niliishi Voronezh, mwendo wa usiku mmoja kwa treni kusini mwa Moscow, miaka sita: mmoja wa lugha, ule tuliouita podfak, na mitano ya chuo. Mwaka wa mwisho nilipanga chumba kwa ajuza mmoja pembezoni mwa mji, mwenye bustani ya viazi na bafu la mvuke uani. Huyo nitamwita Bibi. Mengi ya humu niliyasikia jikoni kwake kabla sijayasoma popote.

Siku nahamia, kafungua mlango, nami na begi langu nikamnyooshea mkono. Akaurudisha wake nyuma kana kwamba nimemnyooshea kaa la moto. Akanishika koti, akanivuta ndani, ndipo akanipa mkono. Kizingitini hawasalimiani. Wazee wao waliamini chini ya kizingiti na nyuma ya jiko ndiko anakokaa domovoi, mwenye nyumba asiyeonekana, na mkono unaopita juu ya kichwa chake ni dharau.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike: vitisho vya Waslavi havizururi ovyo kama vya sinema. Kila kimoja kina mahali pake, kina saa yake, kina masharti yake. Ukiumia, mara nyingi wewe ndiye uliyeingia kwenye zamu isiyo yako.

Nashusha kidogo kidogo. Siti za mbele bado zipo.

#2 Ukoka

Nimekaa na karanga zangu. Shusha mkuu.

#3 Lete Ushahidi

Kwanza tuambie Waslavi ni akina nani. Isije ikawa ni Warusi tu halafu unatujazia bara zima.

#4 Mzee wa Samovari

Swali zuri. Ni watu wa lugha za ukoo mmoja: Warusi, Waukraine na Wabelarusi upande wa mashariki; Wapolandi, Wacheki na Waslovakia magharibi; Waserbia, Wakroatia, Wabulgaria na jamaa zao kusini. Kuna na Wasorbi, kabila dogo lililobaki ndani ya Ujerumani. Hawana kitabu kimoja cha mizimu. Kila bonde na majina yake, na mashariki ya kijiji wanaweza kukupa hadithi tofauti na magharibi yake. Mkisoma humu "Waslavi wanaamini", jueni nimefupisha.

Sasa domovoi. "Dom" ni nyumba. Ni kizee kifupi kilichojaa manyoya, na wengi wanasema sura yake inafanana na ya baba mwenye nyumba. Akiwapenda, anatunza mifugo na kusuka manyoya ya shingo ya farasi usiku. Akimchukia farasi, asubuhi unamkuta mnyama ametota jasho na hajatoka bandani. Mkihama, mnamwalika rasmi. Mama wa nyumba anachukua makaa ya jiko la zamani kwenye chungu, au anaburuza kiatu kikuukuu cha magome ya mti, anamwambia: babu, panda twende. Nyumba iliyoachwa na domovoi wake ndani ndiyo inayolia usiku.

Cha kutisha kwake ni kimoja. Anakuja ukiwa umelala chali, anakukalia kifuani, pumzi haitoki, mkono haunyanyuki. Hapo unatakiwa umuulize: kwa heri au kwa shari? Ukihisi mkono wenye manyoya na joto, ni heri. Ukiwa mkavu na wa baridi, jiandae.

#5 binti wa pwani

Si jinamizi hilo jamani? Mie kwetu mtu akikabwa hivyo tunasema kakaliwa na jinamizi. Ila hatuulizi maswali, tunasoma dua.

#6 Mzee wa Samovari

Ndilo hilo hilo, binti. Na wao wana jina la jinamizi lenyewe: Wapolandi wanaita zmora, Waserbia mora. Ukilisikia jina "kikimora", mkia wake ni huo huo. Kikimora ni mwanamke mdogo mkondefu anayesokota nyuzi usiku ndani ya nyumba, anazivuruga na kuzikata. Ukimkuta kaketi kizingitini anasokota, kuna mtu atakufa humo.

Halafu kuna hili ambalo lilinifurahisha sana. Kikimora anaweza kuletwa. Fundi seremala au fundi jiko mliyemdhulumu hela yake anakuchongea kijisanamu, anakificha chini ya boriti, anaondoka zake kimya. Mwezi mmoja baadaye hamlali. Vijiji vingi vya Urusi watu waliwamaliza mafundi malipo yao siku hiyo hiyo, na chakula juu.

#7 Kisiki cha Mpingo

Mimi ni fundi rangi. Huu uzi naupeleka kwa mteja mmoja sasa hivi.

#8 Ukoka

😂😂 Mwambie na boriti zake azikague.

#9 Mzee wa Samovari

Tutoke nje, twende uani kwenye bafu la mvuke, banya.

Ni kibanda cha magogo, mbali kidogo na nyumba. Ndani kuna jiko lenye mawe, unamwaga maji, mvuke unapanda, mnachapana matawi ya mberi (mti wa nchi za baridi, birch kwa Kiingereza) yenye majani. Zamani hapo ndipo wanawake walipojifungulia na ndipo maiti walipooshwa. Yaani mtu anaingilia duniani hapo na anatokea hapo. Na ndipo mahali pekee pa nyumbani pasipo na picha ya mtakatifu. Hata msalaba wa shingoni ulivuliwa mlangoni. Kwa hiyo usiku wa banya ni wa mwenyewe, bannik.

Masharti: watu wanaingia kwa zamu. Zamu ya tatu au ya nne, kutegemea kijiji, ni yake. Mnamwachia maji, kipande cha sabuni na tawi la kujichapia. Baada ya saa sita usiku haingii mtu. Anayeingia anabanwa mvuke hadi kufa, au anachunwa ngozi na ngozi inatandikwa juu ya mawe ya moto. Ukiuliza sababu ya kawaida ipo: jiko la kuni kwenye kibanda kilichofungwa linatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, na watu walikufa kweli humo. Ila mtoto wa miaka saba ukimwambia kaboni monoksidi atachungulia tu. Ukimwambia kuna mtu anachuna ngozi, hachungulii.

Wasichana walikuwa wakienda kwenye mlango wa banya siku za baada ya Krismasi kutazamia ndoa. Unageuza mgongo, unapandisha nguo, unarudi kinyumenyume hadi mlangoni, unasubiri. Ukiguswa na kiganja cha manyoya utaolewa na mwenye nacho. Ukikwaruzwa na kucha, utaolewa na shida.

#10 binti wa pwani

Na kama hukuguswa?

#11 Mzee wa Samovari

Unarudi mwakani na mgongo wako.

Leshy, mwenye msitu, nitampitia haraka kwa sababu mnamjua hata bila kuambiwa: anapoteza watu njia. Hana kivuli, msituni ni mrefu kama miti na akitoka kwenye nyasi anakuwa sawa na nyasi. Ukiona umerudi kwenye kisiki kile kile mara ya tatu, vua nguo uzigeuze ndani nje, na kiatu cha kulia kivae kushoto. Inasemekana wao kwa wao wanacheza kamari, na dau lao ni wanyama. Mwaka ambao kindi wamehama msitu mzima, watu walisema leshy wa huku kashindwa kamari na wa kule.

#12 Mjomba wa Praha

Mzee wa Samovari naomba niingilie kwenye maji, maana niko Jamhuri ya Cheki mwaka wa kumi na moja sasa.

Warusi wana vodyanoy, zee la matope lenye uso wa chura. Huku kwetu ni vodník, naye ni mtu wa nidhamu kabisa. Anavaa koti la kijani, nywele za kijani, anakaa ukingoni usiku wa mbalamwezi anashona viatu vyake. Utamtambua sokoni kwa kitu kimoja tu: pindo la koti lake linadondosha maji, na halikauki. Anawazamisha watu, na roho zao anazihifadhi chini ya mto kwenye vikombe vyenye vifuniko. Vimepangwa kwenye rafu kama vyombo vya wageni. Ukifunua kimoja, roho inapanda juu kama povu na kwenda zake.

Mshairi Karel Jaromír Erben aliichapisha habari ya vodník na msichana mwaka 1853, na Dvořák akaitungia muziki wa okestra mwaka 1896. Mwisho wake siusemi, kuna mtoto mchanga ndani yake na mke wangu mpaka leo hataki niusimulie mbele ya wetu.

#13 Lete Ushahidi

Hiyo ya vikombe nimeikubali bila ushahidi.

#14 binti wa pwani

Mbona wote wanaume? Wanawake wa majini hawana?

#15 Mzee wa Samovari

Wapo, na ndio wabaya zaidi. Ahsante Mjomba kwa vikombe.

Rusalka. Watu wakisikia jina hilo wanadhani ni nguva, nusu samaki. Siye. Ana miguu kama wewe. Ni msichana, nywele zimefumuliwa, na kwa mila zao mwanamke mwenye nywele zilizofumuliwa hadharani tayari kuna jambo. Kusini, upande wa Ukraine, ni mzuri wa kukusahaulisha njia ya nyumbani. Kaskazini ya Urusi wanamweleza kuwa ni jibaya la kutisha. Hakung'ati. Anakutekenya. Anakutekenya unacheka, unacheka, mpaka unakufa. Nilipomsikia Bibi akilisimulia mara ya kwanza nilitabasamu. Hakutabasamu. Nikajaribu kufikiria dakika ya tano ya kutekenywa, ya kumi, ya ishirini. Tabasamu likaisha.

Zamu yake ni ile wiki inayozunguka Pentekoste, mwanzoni mwa kiangazi. Wanaiita wiki ya rusalka. Wanatoka majini, wanabembea kwenye matawi, wanapita mashambani, na wanakopita wakicheza ngano inastawi. Wiki hiyo haogi mtu mtoni na hafui mtu. Mwisho wa wiki wanasindikizwa kwa kelele na ngoma warudi walikotoka. Vijiji vya huko kwetu Voronezh vilitengeneza farasi wa bandia aliyevishwa maua, wakamtoa nje ya kijiji.

Kinga ni pakanga. Ndiyo, ile chungu ya kwenye Biblia. Rusalka anakuuliza: una nini mkononi, pakanga au petrushka? Petrushka ni majani ya kiungo yanayofanana na giligilani. Ukijibu pakanga, anakukemea na kukimbia. Ukijibu petrushka, anasema "ewe kipenzi changu", na kwa Kirusi maneno hayo yanakwenda kwa vina na petrushka, halafu anaanza kutekenya. Ndugu wa karibu wa pakanga kwa Kiukraine anaitwa chornobyl, na ndilo jina la mji ule wa kinu cha nyuklia kilicholipuka 1986.

#16 Ukoka

Nimesoma nikiwa kazini. Bosi kaniuliza kwa nini nimejikunyata mbavu.

#17 Kisiki cha Mpingo

Mkuu zote hizi za usiku. Mchana wanapumzika?

#18 Mzee wa Samovari

Afadhali umeuliza, kwa sababu huyu wa mchana ndiye ninayemwona bora kuliko wote kwa kutisha. Poludnitsa kwa Kirusi, południca kwa Kipolandi, polednice kwa Kicheki. Jina lake ni "Bibi wa saa sita mchana" na si zaidi.

Fikiria shamba la ngano, Julai, jua la utosi. Hakuna kivuli. Mwanamke aliyevaa nguo nyeupe anakuja kati ya masuke na hatikisi suke hata moja. Anakamata wanaofanya kazi saa hiyo na kuwasokota shingo, au anaiba mtoto aliyelazwa pembeni ya shamba. Kwa Wasorbi ana tabia ya pekee: anakuhoji. Unatakiwa umweleze kazi ya kitani, tangu kupanda, kung'oa, kuloweka, kupiga, kusokota, hadi kufuma, saa nzima bila kukatisha. Ukinyamaza kabla saa haijaisha, umekwisha. Mama mmoja aliyejua kazi yake vizuri anamaliza saa akiwa bado anaeleza jinsi ya kuloweka.

Ni kiharusi cha jua, bila shaka. Ukifanya kazi saa sita mchana pale unaanza kuona weupe, shingo inakaza, unaanguka. Lakini angalia jinsi walivyokipa sura: anayekuua ni yule anayekuuliza kama unaijua kazi yako.

#19 Lete Ushahidi

Naona unakwepa lenye hela. Vampaya. Hao si wa Romania? Transilvania, Dracula, makasri?

#20 Mzee wa Samovari

Siwakwepi, nilikuwa nawaandalia njia. Na hapana. Waromania lugha yao ni jamaa ya Kilatini, si Waslavi, ingawa wamepakana na wamebadilishana mengi. Neno lenyewe "vampir" limeingia Ulaya ya magharibi kutoka Serbia, na siku lilipoingia inajulikana karibu kabisa.

Ila kwanza niwaulize: rusalka ni nani? Siyo jini. Ni msichana wa kijijini aliyezama, au aliyejiua kwa kuachwa, au aliyekufa kabla ya kuolewa. Mavka wa milima ya Karpati, mzuri kwa mbele, akigeuka hana mgongo, unayaona maini na utumbo: huyo ni mtoto aliyekufa bila ubatizo. Drekavac wa Serbia anayepiga kelele usiku makaburini: naye mtoto. Mtaalamu wa mila Dmitry Zelenin aliandika mwaka 1916 akawagawa wafu wa Warusi makundi mawili. Wapo wazee, waliokufa kwa siku zao, hao wanaombewa na kukaribishwa mezani. Na wapo waliokufa kabla ya siku zao: waliozama, waliojinyonga, walevi waliogandia njiani, wachawi. Hawa bado wana miaka ambayo hawajaiishi, na wanaimalizia duniani. Ardhi haiwapokei. Hawakuzikwa kwenye makaburi ya kanisa. Waliachwa bondeni au njia panda, wakafunikwa matawi na mbao, na kila apitaye anatupia tawi jingine.

Na ukiwazika kwa heshima, ukame ukija unajua nani wa kulaumiwa. Askofu Serapion wa Vladimir, aliyefariki 1275, aliwakemea waumini wake kwa sababu hiyo hiyo: mnafukua waliozama na waliojinyonga mkidhani ndio wanaozuia mvua! Karne ya 13 hiyo, na Urusi ilishabatizwa tangu 988.

Basi vampaya ni huyo huyo mfu asiyekaa, isipokuwa wa Serbia hakai bondeni. Anarudi nyumbani.

#21 Ukoka

Taa nimewasha. Endelea.

#22 Mzee wa Samovari

Mwaka 1725, kijiji cha Kisiljevo, Serbia, wakati huo chini ya Austria. Mkulima Petar Blagojević amefariki, amezikwa. Ndani ya siku nane wanafariki watu tisa, kila mmoja anaugua kama siku moja tu, na kitandani wanasema: Petar alinijia usingizini, akanilalia, akanikaba. Mjane wake anasema alimjia pia. Mnajua alitaka nini? Viatu vyake. Mjane akahama kijiji.

Wanakijiji wakamfuata afisa wa Austria, Frombald, wakamwambia: tunafukua. Akasema subirini kibali kutoka Belgrade. Wakasema ukisubiri, utarudi ukute kijiji hakina mtu. Akaenda nao, na kasisi. Taarifa yake ilichapishwa na gazeti la Vienna Julai mwaka huo. Mwili wa wiki kumi hauna harufu ya kutarajiwa, nywele na kucha zimekua, ngozi ya zamani imebanduka na mpya iko chini yake, mdomoni kuna damu mbichi. Wakamchoma kigingi kifuani, damu ikatoka masikioni na mdomoni, "na dalili nyingine" ambazo afisa anasema kwa heshima haziandiki. Wakamchoma moto. Mwishoni Frombald anajitetea kiofisa kabisa: kama kuna kosa, lawama si yangu, ni ya watu hawa waliorukwa na akili kwa hofu.

Miaka saba baadaye, 1732, daktari wa jeshi Flückinger akapeleka taarifa nyingine kutoka Medveđa, nayo ikasomwa Ulaya nzima. Mambo yakaharibika mpaka Malkia Maria Theresa, mwaka 1755, baada ya daktari wake Gerard van Swieten kumwandikia kuwa huu ni ujinga, akapiga marufuku kufukua maiti.

#23 Daktari Feki

Nafanya kazi mochwari (jina la humu ni utani tu, kazi ni ya kweli), niongezee. Kila alichokiandika yule afisa ni cha kawaida. Gesi za tumboni zinavimbisha mwili, mtu aliyezikwa mkondefu anaonekana amenenepa. Gesi inasukuma majimaji mekundu meusi hadi puani na mdomoni. Ngozi ya juu inachomoka pamoja na kucha, chini inabaki nyekundu laini. Nywele hazikui, ngozi inanywea zinaonekana ndefu. Ukichoma kigingi gesi inatoka kwa sauti, inaweza kupita kooni kama mtu anaguna. Kwenye baridi ardhini mwili unachelewa. "Dalili nyingine" nazo ni gesi hiyo hiyo, tuishie hapo.

Mtu wa 1725 hakuwahi kufukua maiti wa wiki kumi ili ajue yupi ni wa kawaida.

#24 Lete Ushahidi

Sasa HUU ndio ushahidi. Heshima kwako Daktari.

#25 Kisiki cha Mpingo

Kwa hiyo ni mumiani wa kwao tu.

#26 Mzee wa Samovari

Hapana mkuu, angalia vizuri. Mumiani ni mtu hai, mgeni, ana gari na ana vifaa, anakuja kutoka nje kuchukua damu akauze. Vampaya wa Kisiljevo ni jirani yako uliyemzika mwenyewe, na wa kwanza kufuatwa ni mke na ndugu. Hofu mbili tofauti.

Mjomba wa Praha yuko karibu na Poland, atathibitisha: mwaka 2022 wanaakiolojia wa Toruń walifukua katika kijiji cha Pień kaburi la mwanamke wa karne ya 17. Mundu umelazwa shingoni, makali chini, akiinuka ajikate. Kwenye kidole gumba cha mguu, kufuli.

#27 Mjomba wa Praha

Nathibitisha, ilijaa magazetini. Kilichonikaa mimi ni kwamba kichwani alikuwa na mabaki ya kitambaa cha hariri. Hakuwa mtu wa kutupwa. Walimvisha vizuri, halafu wakamfunga kufuli.

#28 binti wa pwani

Uuwi. Hiyo ya kufuli itanilaza macho. Rudini kwa Baba Yaga, kichwa cha uzi kilikuwa chake na hajatokea.

#29 Mzee wa Samovari

Kweli nimemchelewesha, na yeye hapendi.

Kwenye maandishi anaonekana kwanza 1755 kwenye kitabu cha sarufi ya Kirusi cha mwanasayansi Lomonosov, lakini hadithi zake nyingi tunazozijua zimo kwenye mkusanyiko wa Afanasyev uliotoka kati ya 1855 na 1863. Anakaa kwenye kibanda chenye miguu ya kuku, katikati ya msitu. Uzio ni mifupa ya watu, juu yake mafuvu ambayo macho yanawaka usiku. Anasafiri ndani ya kinu. Ndiyo, kinu cha kutwangia. Mchi ndio kasia lake, na ufagio anafutia nyayo nyuma yake. Mguu mmoja ni mfupa mtupu. Ndani analala kajaza nyumba, kichwa pembe hii, miguu pembe ile, pua imegota dari.

Ukifika, kibanda kimekupa mgongo. Unakiambia: kibanda, kibanda, upe msitu mgongo, mimi unipe uso. Kinageuka.

#30 Ukoka

Ungetafsiri "nyumba ndogo" ungetuvunjia ndoa humu.

#31 Mzee wa Samovari

😂 Nililiona, nikalikwepa.

Akiingia tu ananusa: "Fu, fu, harufu ya Mrusi!" Mliokulia kwenye hadithi za zimwi mnaijua pua hiyo. Vladimir Propp, mtaalamu wa hadithi za Kirusi, mwaka 1946 aliitolea maelezo niliyoyapenda: ni harufu ya mtu hai, kwa sababu huyo bibi ni mlinzi wa mpaka wa kuzimu. Jinsi walio hai wanavyonusa maiti, ndivyo maiti wanavyotunusa sisi. Kibanda kisicho na dirisha, mguu wa mfupa, pua iliyogota dari: huyo ni mfu ndani ya jeneza lake. Wengine wanasema miguu ya kuku ni kumbukumbu ya vibanda vya kaskazini vilivyojengwa juu ya visiki ili wanyama wasifikie chakula. Mimi niko na Propp, ingawa kusema kweli visiki nimeviona kwenye picha na kuzimu bado.

Na bado si mbaya tu. Vasilisa, yatima, anatumwa kwake na mama wa kambo akaombe moto. Njiani anapitwa na mpanda farasi mweupe, kukapambazuka. Mwekundu, jua likachomoza. Mweusi, usiku ukaingia. Baba Yaga anamwambia hao ni watumishi wake. Anampa kazi za kumuua mtu, kuchambua mbegu punje kwa punje, na msichana anazimaliza kwa msaada wa mwanasesere aliyeachiwa na marehemu mama yake. Kisha anamuuliza bibi kuhusu wapanda farasi, na hamuulizi juu ya vitu alivyoviona ndani ya nyumba. Bibi anamwambia umefanya vizuri kuuliza ya nje tu. Ya ndani sipendi yatoke, na wenye udadisi mwingi nawala. Anampa fuvu lenye macho ya moto. Fuvu likafika nyumbani, likawakodolea mama wa kambo na binti zake usiku kucha, asubuhi wakawa majivu.

Koschei asiyekufa mtamsoma wenyewe: kifo chake kiko kwenye ncha ya sindano, sindano kwenye yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura sandukuni, sanduku juu ya mwaloni, mwaloni kisiwani. Vidole vyangu vimechoka.

#32 Lete Ushahidi

Swali la mwisho, mkuu, na ujibu kiume. Miaka sita Urusi. Wewe mwenyewe uliwahi kuona chochote?

#33 Mzee wa Samovari

Sijaona. Nitasema kilichotokea na wewe ukipime.

Jumamosi moja Novemba, Bibi aliwasha banya. Waliingia majirani wawili, nikaingia mimi na mjukuu wake, akaingia yeye na dada yake. Tukamaliza. Nilimwona anarudi peke yake na ndoo ya maji, akaweka juu ya benchi, akaweka kipande cha sabuni na tawi jipya la mberi. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema, "Ya mwenyewe." Akafunga mlango bila kufuli.

Saa tano na nusu usiku nikakumbuka saa yangu ya mkononi nimeiacha kule kwenye msumari, kwenye chumba cha kuvulia nguo. Ilikuwa zawadi ya baba yangu siku naondoka. Nikavaa koti, nikatoka na tochi. Theluji ilikuwa imeanza, nyayo zilikuwa zangu tu. Nikafika mlangoni. Kwa ndani kulikuwa na sauti ya maji. Banya ikipoa maji yanadondoka darini, najua, nilisomea uhandisi. Nikasimama pale labda dakika mbili, mkono kwenye kitasa. Halafu nikarudi kulala.

Asubuhi nilienda kabla Bibi hajaamka. Saa niliikuta palepale kwenye msumari, inatembea. Ya nje nimeiangalia. Kule kwenye benchi la ndani, kwenye sabuni, sikuangalia.